Kusikia, Kusema na Kusitiri: Sera ya Simu na Redio katika Nchi ya Ufipa

Habari ni mali, na kama mali nyingine zote ina mwenyewe, ina njia ya kupitia, na ina mlango wa kufungia. Tangu serikali za kisasa zilipoingia Afrika ya Mashariki, kila moja ilitoa amri juu ya mambo hayo matatu: nani awe mwenye waya na mtambo, nani aruhusiwe kusema, na nani apewe idhini ya kujua yaliyosemwa. Amri hizo zilitungwa Berlin, London, Nairobi, Dar es Salaam na Dodoma. Lakini athari yake huonekana wazi zaidi mbali na miji hiyo. Katikati ya mji mtu asiyesikia redio aweza kumwuliza jirani. Pembeni ya nchi, sheria ndiyo iamuayo kama neno litafika au halitafika.

Ufipa ni nchi ya pembeni kwa maana hiyo. Ni uwanda wa juu ulio baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga, mji wake mkuu, umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pande zote mbili ardhi huporomoka kuelekea maziwani. Upande wa Rukwa uko ukuta mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Wenyeji walikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na nyuma ya falme hizo lilikuwako jina la kale la Milansi, lililoheshimiwa kuwa chimbuko la utawala. Walifua chuma katika tanuu ndefu za udongo ziitwazo malungu, wakalima ulezi, na baadaye mahindi na maharage kwa wingi. Hawakuwa watu wasiojua thamani ya neno. Roy Willis, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya hadithi na masimulizi yao, akayatoa kitabuni mwaka 1978 kwa kuwa aliona kwamba kusema vizuri ni sanaa kubwa miongoni mwao.

Historia ya mawasiliano katika nchi hiyo yaonyesha kwamba haki zake zilimfikia Mfipa kwa zamu. Kwanza ilikuja haki ya kusikia. Ikafuata, kwa kuchelewa na kwa upungufu, haki ya kusema. Na mwisho kabisa ikaja haki ya kusitiri habari zake mwenyewe. Zamu hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Ilitokana na jinsi kila serikali ilivyolijibu swali la mwenye mtambo.

Waya uliopita njia

Waya wa kwanza kupita Ufipa haukuja kwa ajili ya Ufipa. Mwaka 1892 Cecil Rhodes aliunda kampuni ya simu za maandishi, African Transcontinental Telegraph Company, akiwa na nia ya kuunganisha Cape na Cairo kwa waya mmoja. Waya huo ulipanda kutoka kusini kupitia Blantyre, ukafuata nchi ya Ziwa Nyasa, ukaelekea Abercorn, mji ambao leo waitwa Mbala katika Zambia. Mbele ya Abercorn palikuwa na milki ya Wajerumani. Basi mwezi Machi mwaka 1899 Rhodes alikwenda Berlin, akaonana na Kaiser Wilhelm wa Pili, na mapatano yakafanywa. Kampuni iliruhusiwa kupitisha waya kwa gharama yake, na kwa malipo ya ruhusa hiyo serikali ya Kijerumani ipate waya wa kutumia katika nguzo zizo hizo. Waya ukapita Bismarckburg, boma la Wajerumani lililokuwa Kasanga kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, ukaendelea kaskazini hadi Ujiji. Rhodes alifariki mwaka 1902, na kazi ikakoma huko. Cairo haikufikiwa kamwe.

Mapatano yale yalikuwa sera ya kwanza ya simu katika nchi ya Ufipa, nayo yastahili kutazamwa vizuri. Pande mbili zilizotia saini zilikuwa kampuni ya Kiingereza na serikali ya Kijerumani. Jambo lililoamuliwa lilikuwa ni nani apitishe habari, kwa bei gani, na kwa waya upi. Watawala wa Nkansi na Lyangalile hawakuwa upande wowote wa mapatano hayo. Ardhi yao ilihesabiwa kuwa umbali wa kuvukwa, na watu wake hawakuhesabiwa kuwa wenye habari za kupeleka. Neno la mfanyabiashara wa Ulaya lilivuka nchi yao kwa dakika chache; neno la Mfipa kwa ndugu yake aliyeko mbali liliendelea kwenda kwa miguu ya msafiri.

Vita vilipoanza mwaka 1914, ubaya wa mpango huo ukawafikia hata wenyewe. Waya mmoja uliunganisha Abercorn ya Waingereza na Bismarckburg ya Wajerumani, maadui wawili waliokuwa wakiongea jana na leo wakawa wanapigana. Majeshi ya Waingereza yaliteka Bismarckburg mwezi Juni mwaka 1916. Lakini mfano mkubwa zaidi ulitokea mwishoni mwa vita, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, lililokuwa likizunguka katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Zambia, halikuwa na waya. Lilipata habari siku mbili baadaye, karibu na mto Chambeshi, kwa sababu lilimkamata mjumbe wa Waingereza aliyekuwa amechukua simu yenye habari hiyo. Silaha ziliwekwa chini Abercorn tarehe 25 Novemba. Kwa siku mbili hizo askari na wapagazi wa Kiafrika, waliokwisha kutembea kwa miaka, waliendelea kubeba mizigo ya vita vilivyokwisha. Huo ndio uzito wa swali la mwenye waya. Aliye nao ajua kwamba vita vimekwisha. Asiye nao huendelea kubeba.

Baada ya vita Waingereza wakawa watawala wa Tanganyika. Mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya uongozi mmoja, na kutoka hapo likatokea Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki. Shirika hilo lilifanya kazi kubwa, lakini lilifuata kanuni ya biashara, yaani waya uende palipo na malipo. Nchi ya kahawa, ya mkonge na ya reli ilipata simu kwanza. Ufipa haikuwa na reli, na mazao yake yalikuwa chakula zaidi kuliko biashara ya ng'ambo. Ikabaki na ofisi ya posta, na kwa miaka mingi simu ya upepo ya ofisi na misheni ndiyo iliyokuwa kinywa chake. Simu ya namna hiyo haina siri. Anayeongea hupaza sauti, na kila mwenye mtambo kwenye mkondo huo husikia. Simu ya maandishi nayo ilipita machoni mwa karani. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na kata ilikuwa mkononi mwa mtumishi wa serikali.

Redio na haki ya kusikia

Mwezi Julai mwaka 1951 kituo kidogo cha redio kilianza Dar es Salaam kwa fedha za maendeleo ya makoloni. Nguvu yake ilikuwa ndogo na mwanzoni haikutoka mbali na mji. Miaka miwili kabla yake, huko Lusaka, serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa imekwisha kuwauzia Waafrika redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria. Lusaka ilitangaza kwa lugha za wenyeji, na desturi hiyo ikaendelea katika Zambia huru kwa lugha saba. Hata hivyo Kimambwe, ndugu wa karibu wa Kifipa, hakimo katika saba hizo. Pale lugha nyingi zinapochaguliwa, bado iko lugha inayoachwa nje ya mlango.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine, ikasema kwa Kiswahili. Mwaka 1956 kituo kilifanywa shirika kwa sheria, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa mfano wa BBC ya Uingereza. Nia ilikuwa redio iwe mali ya umma lakini isiwe sauti ya waziri. Mpango huo haukudumu muda mrefu baada ya uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalitokea Zanzibar, na sauti ya John Okello ikatoka katika redio ya Unguja ikitoa amri na vitisho. Watu wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito. Serikali changa ikajifunza kwamba aliyeshika redio amekaribia kuishika nchi. Mwaka 1965 shirika likavunjwa, na tangu Julai mwaka huo matangazo yakawa kazi ya wizara, kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam.

Wakosoaji wa hatua hiyo wana hoja yenye nguvu, maana redio ya wizara haiwezi kumwuliza waziri swali gumu. Lakini hapana budi kuitazama kutoka Ufipa pia. Mawimbi mafupi hupanda angani, yakarudi chini mbali sana, na mawimbi ya kati husafiri mwendo mrefu juu ya ardhi. Serikali iliyojenga mitambo ya namna hiyo haikumwuliza msikilizaji kama ana fedha, wala haikuhesabu wenye maduka watakaonunua matangazo ya biashara. Mkulima wa Laela na mvuvi wa Kirando wakasikia neno lile lile, saa ile ile, kama mkazi wa Kariakoo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijulikana vijijini kabla ya magazeti kufika.

Kilele cha sera hiyo kilikuwa kampeni za elimu kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kuwa kiasi cha watu milioni 2. Ni mara chache katika historia ya dunia redio imefanya kazi ya kuchimba shimo. Basi mtu asiseme kwamba redio ya serikali haikuwafaa watu wa pembeni. Iliwafaa, nayo iliwapa haki ambayo kampuni ya Rhodes haikuifikiria.

Lakini haki hiyo ilikuwa ya kusikia tu. Neno lilishuka kutoka Dar es Salaam, na njia ya kulirudisha haikuwako. Kikundi kilichojadili kijitabu hakikuwa na mtambo wa kusema kwamba kijitabu kimekosea juu ya maji ya bondeni. Nafasi pana iliyobaki kwa msikilizaji ilikuwa ya salamu: kadi ikapelekwa posta, ikasafiri, na baada ya majuma jina la mtu na la kijiji chake likasomwa hewani. Watu walizipenda salamu hizo mno, na upendo huo una maana yake. Mtu aliyefurahi kusikia jina lake likisomwa na mwingine alikuwa akionyesha kiu ya kusema mwenyewe.

Kiswahili, Kifipa na haki ya kusema

Sera ya lugha moja hewani ilijenga taifa. Katika mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, Mfipa aliishi na Mmambwe, Mnyamwanga na Mlungu, na baadaye na wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao bondeni. Wote walielewana kwa Kiswahili, na redio ilikuwa mwalimu mkubwa wa Kiswahili hicho. Faida hiyo haikanushiki. Hata hivyo kila faida ina bei yake, na bei ya hii ilikuwa kwamba bibi asiyejua Kiswahili alisikia redio kama asikiavyo mvua juu ya bati. Kifipa kilipata kusikika katika ngoma zilizorekodiwa mikoani, kikaimbwa lakini hakikusemwa. Hakikutoa habari, wala ushauri, wala hoja. Na hata zama za redio ya serikali peke yake zilipokwisha, kanuni za maudhui ya utangazaji za mwaka 2005 zilitamka kwamba matangazo yawe kwa Kiswahili au Kiingereza, ila kwa idhini maalumu.

Madhara ya kutokuwa na kinywa yalionekana katika jambo moja linaloumiza. Jina la Sumbawanga huelezwa na wenyeji kuwa ni amri: sumba, yaani tupa, wanga, yaani uchawi. Mji ulipewa jina la kuuacha uchawi mlangoni. Lakini katika mizaha ya Watanzania wengi, mijini na magazetini, Sumbawanga ikageuzwa kuwa kao la uchawi, na mtu atokaye huko akawa wa kuchekwa au kuogopwa. Maana ya jina iligeuzwa kichwa chini miguu juu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtambo Ufipa wa kuirekebisha. Asiyesema husemewa, na anayesemewa mara nyingi husingiziwa.

Mlango wa kusema ulifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kabla ya hapo Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni. Serikali iliona kwamba ni anasa kwa nchi maskini, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vikaanza Dar es Salaam. Masharti yake yalikuwa mawili makubwa: sehemu kubwa ya umiliki iwe mikononi mwa raia, na katika miaka ya kwanza kituo binafsi kisienee zaidi ya robo ya eneo la nchi. Sharti la pili lilikusudiwa kuzuia tajiri mmoja asiwe sauti ya taifa zima. Lakini mwenye kituo aliyeambiwa achague robo ya nchi alichagua robo yenye watu wengi na maduka mengi. Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zikajaa vituo, na Ufipa ikabaki na redio ile ile ya taifa. Sheria iliyotungwa kuzuia ukubwa wa tajiri ikawa imeongeza udogo wa maskini.

Umbile la nchi nalo lilizidisha tatizo. Redio mpya zilitumia mawimbi ya FM, ambayo husafiri kwa mstari ulionyooka. Mtambo ukiwa Sumbawanga, sauti husikika vizuri uwandani, lakini Lyamba lya Mfipa huikata kwa mtu wa bondeni Rukwa, na mteremko wa magharibi huikata kwa mvuvi wa Kasanga na Kipili. Kuwafikia hao lazima mitambo mingine, na mitambo mingine yahitaji fedha ambayo mnada wa maharage hauitoi. Ndipo ilipoonekana maana ya leseni ndogo zilizokuja baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kuundwa kwa sheria ya mwaka 2003: leseni za mkoa, za wilaya na za jamii, mbali na za taifa. Vituo vidogo vikafunguliwa Sumbawanga, kikiwamo Chemchemi FM. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ufipa akasikia sauti ya Ufipa ikieleza bei ya mahindi ya Ufipa na kifo cha mtu wa Ufipa. Tangu waya wa Rhodes, ilikuwa imepita miaka kama mia moja.

Simu mfukoni

Wakati redio ikigawanyika, simu nayo ilibadili mabwana. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la pamoja likafa nayo. Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu. Mwaka 1994 shirika hilo liligawanywa, na kampuni ya simu, TTCL, ikasimama peke yake. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake ziliuzwa kwa wageni. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena. Na sheria ya mwaka 2017 ikaifanya kuwa shirika la umma. Yaani katika miaka 40 waya ulikuwa wa nchi tatu, ukawa wa nchi moja, ukawa wa serikali na mgeni, kisha ukarudi kwa serikali. Kila badiliko lilielezwa kuwa ni dawa ya kasoro za lile lililotangulia.

Mkulima wa Ufipa hakungoja hoja hizo ziishe. Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, zikaenea sana baada ya mwaka 2000. Kampuni zilipoziacha nchi zisizo na faida, sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliopewa kazi ya kusaidia ujenzi wa minara mahali ambapo biashara peke yake haiendi. Mwezi Mei mwaka 2023 mikataba ya minara 758 nchini ilitiwa saini kwa njia hiyo. Sheria hiyo ilikubali jambo ambalo mapatano ya Berlin hayakuwaza, kwamba mtu aliye mbali ana haki ya kufikiwa hata kama hana faida kwa anayemfikia.

Kisha ukaja Mkongo wa Taifa, waya wa nyuzi za kioo unaochukua sauti, maandishi na picha kwa mwanga. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009, na Sumbawanga ni mmoja wa miji uliyofikia. Mwanafunzi wa historia hataacha kuona kwamba waya mkubwa ulipita Ufipa kwa mara ya pili. Safari hii mwenye waya ni serikali ya nchi yenyewe, na mji haukurukwa. Swali lililobaki ni lile la kata na mtungi: yanayopita ndani ya waya huo, nani ayajue?

Haki ya kusitiri

Katiba ya Tanzania haikukaa kimya juu ya swali hilo. Marekebisho ya mwaka 1984 yaliingiza haki za binadamu, na ibara ya 16 ikatamka haki ya mtu kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake ya faragha, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo hiyo iliitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria kwa ajili hiyo. Sheria mahususi ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Baina ya ahadi na sheria ilipita miaka 38.

Katika miaka hiyo 38 taarifa hazikungoja sheria. Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2009, na sheria ya mwaka 2010 ya mawasiliano ya elektroniki na posta ikaufanya kuwa wajibu. Mwaka 2019 uliamriwa usajili mpya kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha taifa, na siku ya mwisho ikawekwa tarehe 20 Januari 2020. Serikali ilitoa sababu zenye uzito: wizi kwa njia ya simu, vitisho, na udanganyifu wa fedha. Sheria ya mwaka 2010 iliwakataza pia watoa huduma kutoa siri za wateja pasipo idhini ya sheria. Lakini aliyekusanya alama za vidole alianza kazi miaka kadhaa kabla ya kuundwa kwa chombo mahususi cha kumchunguza mkusanyaji. Zizi lilijazwa ng'ombe kwanza, mlango ukatafutwa baadaye.

Huenda ikadhaniwa kwamba jambo hili ni la watu wa mijini wenye mambo ya kuficha. Ufipa yaonyesha kinyume. Mjini mtu ni mmoja katika umati. Kijijini, ambako mnara mmoja hutumikiwa na watu wanaojuana, kumbukumbu ya simu moja, yaani namba, saa na mahali, yatosha kueleza nyumba nzima, ingawa sauti yenyewe haikuhifadhiwa. Wakala wa kutuma fedha huandika katika daftari lake jina, namba na kiasi, na daftari hulala juu ya meza. Anayefuata kwenye foleni aweza kusoma ni nani ameuza mahindi na amepata kiasi gani, usiku ule ule ambao fedha imo ndani ya nyumba. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima hujiandikisha ili apate mbolea ya ruzuku, na katika daftari la kielektroniki huingia jina lake, namba yake ya simu na habari za shamba lake. Mbolea ni neema kubwa kwa mkoa unaolisha wengine. Lakini mkulima ambaye babu yake hakuhesabiwa kuwa na habari yoyote, leo amekuwa habari yeye mwenyewe, na habari hiyo ina wanunuzi.

Sheria ya mwaka 2022 iliwapa watu silaha za kujilinda. Anayekusanya taarifa atakiwa kujiandikisha, kueleza sababu, kutotumia taarifa kwa jambo jingine, na kuzirekebisha zikiwa na makosa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu iliona kwamba baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vina maneno mapana kupita kiasi, ikaitaka serikali ivirekebishe. Huo si msiba. Ni dalili kwamba mjadala juu ya siri ya raia, ambao kwa muda mrefu ulifanywa na wenye mitambo peke yao, sasa una mwamuzi.

Mwenye ardhi na mwenye neno

Historia hii haimwungi mkono yeyote kati ya wale wabishanao kila siku, mmoja akisema mitambo yote iwe ya serikali, mwingine akisema yote iwe ya soko. Serikali iliipa Ufipa haki ya kusikia ambayo soko halingeitoa, kisha ikaizuia kusema. Soko lilifungua kinywa, kisha likaenda kukaa palipo na fedha. Na wote wawili, serikali na soko, walipata kukubaliana katika jambo moja: kukusanya habari za watu upesi, na kuzilinda polepole.

Kwa hiyo kipimo cha sera njema ya mawasiliano hakitafutwi katika jina la mwenye mtambo peke yake. Kinatafutwa mbali na makao makuu, kwa maswali matatu yaliyo mepesi. Je, mtu wa Kala au wa Muze asikia? Akisema, kwa lugha aliyolelewa nayo, je, neno lake lafika? Na akitaka kunyamaza, je, kimya chake ni mali yake? Swali la kwanza lilianza kujibiwa katika miaka ya 1950 na 1960. La pili limejibiwa nusu. La tatu limepata sheria, lakini sheria bado haijashuka Lyamba lya Mfipa na kuingia katika daftari lililo juu ya meza ya wakala.

Siku nguzo za Rhodes ziliposimamishwa katika nchi ya wafua chuma, hakuna aliyemwuliza Mfipa kama ana neno la kupeleka. Alikuwa nalo. Kosa la karne nzima lilikuwa kudhani kwamba mwenye ardhi inayopitiwa na waya hana neno la kutia ndani yake, wala la kuliweka moyoni.